Vitabu vya Papa, A Mpaka F

Papa yangu, yaani baba yangu mzazi, anajua kila kitu cha dunia hii, mradi kitu hicho kianze na A, B, C, D, E au F. Kwa Kifaransa, lakini. Mwulize habari za abeille, yaani nyuki, atakusimulia mpaka chai yako ipoe na ya jirani pia. Mwulize Babilonia, kahawa, mamba ambaye kwa lugha hiyo ni crocodile, tembo ambaye ni éléphant. Siafu nao wamo, kwa sababu fourmi inaanza na F. Ila usimwulize simba, usimwulize nyoka, wala jua na mwezi. Hao hawakupata bahati ya herufi.

Nilipokuwa mtoto niliona picha ya punda milia kwenye jalada la daftari, nikamwuliza papa ni kwa nini ana ile milia. Kwa Kifaransa mnyama huyo anaitwa zèbre. Papa alivua miwani, akaifuta, akakohoa kidogo, akaniambia: "Hiyo iko mbele. Ngoja." Mimi nikangoja, maana nilikuwa mtoto mwenye adabu, jambo ambalo watu wa hapa Likasi leo hawataki kuliamini. Niliolewa bado nangoja.

Elimu yote hiyo ilitoka kwenye vitabu kumi na viwili vya jalada la kijani, kamusi ya mambo yote, kutoka A mpaka Z. Baba yake papa aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, papa mwenyewe akapewa kalamu, akawa karani wa kampani. Siku moja Mubeleji mmoja, Mzungu wa Ubelgiji, alikuwa anafunga virago arudi kwao, papa akavinunua vile vitabu, akavisukuma kwa baiskeli mpaka nyumbani kwetu, mtaa wa Kikula. Vikawekwa juu ya kabati la vyombo, vikafunikwa kitambaa alichokishona mama kwa mkono wake. Sheria ilikuwa moja: mwenye mafuta mikononi asivisogelee. Na kwa kuwa sisi watoto tulikuwa na mafuta mikononi tangu asubuhi mpaka usiku, hatukuvisogelea kabisa. Tulimwona tu papa, jioni, ameketi na kitabu na kisu cha mkate, tukadhani kisu ni cha kututisha.

Alipostaafu akavitoa zawadi kwa shule moja ya sekondari hapo karibu na avenue yetu, yaani barabara yetu. Alivaa koti, akatoa hotuba ndefu yenye nyuki na Babilonia ndani, wanafunzi wakapigwa na jua mpaka wawili wakazimia. Miaka ikapita, Mungu naye anapenda mzaha, mimi nikapata kazi ya kutunza maktaba katika shule ileile. Tangu hapo kila Jumapili nikienda kumsalimu, hata sijaketi, ananiuliza neno moja.

"Biko?"

"Biko, papa."

Yaani vipo. Akisikia hivyo anaegemea kiti kwa raha. Niseme wazi ni kwa nini. Kampani ilikufa, pensheni yake ikafa nayo, mama akafariki, paa la nyumba linavuja mahali papya kila mvua. Papa hana kingine cha kuonyesha kwamba alipita hapa duniani. Anaamini kila daktari na kila injinia aliyetoka Likasi alikunywa katika vitabu vyake. Kanisani alisimama siku moja akatoa ushuhuda kwamba hata akifa leo, ameacha kitu. Watu wakasema amina, na mimi niliyekuwa najua ni nani anayevisoma vile vitabu, yaani mende, nikasema amina kuwazidi wote.

Sasa, mwaka jana nilipelekwa Mulungwishi kwenye mafunzo ya watunza maktaba. Mwalimu wetu alituambia maktaba ni shamba. Kitabu kilichozeeka, kilichochanika, kinachosema uwongo au kisichoazimwa na mtu ni magugu, na magugu yanang'olewa. Kazi hiyo kwa Kifaransa inaitwa désherbage, neno lilelile la kupalilia shamba. Nilifurahi sana. Nilikuwa na kitabu cha kufundisha kutunza kondoo wakati wa theluji. Nilikuwa na rafu nzima ya kufundisha kuandika kwa mashine ambazo hata vyuma vyake vilishauzwa kwa kilo. Nikarudi, nikamweleza prefe, mkuu wetu wa shule, kwamba kuna wafadhili wako tayari kutuletea vitabu vipya tukifungua nafasi. Prefe aliposikia vitabu vipya alisimama kutoka kwenye kiti.

Kesho yake, mbele ya bendera, akatangaza: Jumamosi, wanafunzi wote, désherbage ya maktaba. Mwalimu wa nidhamu, ambaye akisikia neno moja anaelewa mawili, akaongeza kwamba asiyekuja na jembe atafukuzwa.

Jumamosi nilifika nikakuta umati wa majembe. Walipalilia maktaba kweli. Walipalilia mbele, nyuma, kando, wakang'oa majani yote mpaka ukuta ukabaki uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Waling'oa pia matembele ya zamu, mlinzi wetu, aliyoyapanda nyuma ya dirisha na kuyamwagilia kwa maji ya kubeba kichwani, maana bomba letu hutoa upepo. Zamu alisimama pale akitazama mboga yake imelundikwa pamoja na magugu. Ndani, vitabu vyote vilikuwa palepale, hata kondoo wa theluji. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na zamu akaniona nikicheka. Hilo nitalirudia.

Basi nikafanya kazi mwenyewe, rafu kwa rafu, mpaka nikafika kule nyuma, kwa vitabu vya papa. Hapo nikasita. Maana kwa sheria ya Mulungwishi hakukuwa na mjadala. Vimezeeka? Ndiyo. Vinasema uwongo? Ndani yake Kongo bado ni ya Wabeleji, na sisi wenyeji tumeelezwa kwa maneno machache kuliko kahawa. Vinaazimwa? Nimekwisha kusema habari za mende.

Nikachukua cha saba nikipanguse vumbi. Nikajaribu kukifungua, kikakataa. Kurasa zilikuwa zimeshikamana kwa juu na kwa pembeni. Vitabu vya zamani vya kule kwa Wabeleji viliuzwa hivyo, karatasi zimekunjwa na kushonwa bila kukatwa, na mwenye kitabu ndiye aliyepitisha kisu ili asome. Nikafungua cha nane: hakijakatwa. Cha tisa, cha kumi, mpaka cha mwisho. Nikarudi nyuma nikakuta kisu kilisimama mwisho wa F. Kumbe kile kisu cha mkate cha utoto wetu kilikuwa na kazi yake.

Niliketi chini sakafuni nikaangua kicheko. Mzee wa watu! Ametupiga hotuba maisha yake yote na vitabu nusu hajavifungua. Halafu nikakumbuka ni lini papa aliacha kuketi na kile kisu. Ilikuwa ule mwaka kampani ilipoanza kukosa mishahara, papa akawa akitoka ofisini anachukua jembe anakwenda kulima mahindi, anarudi giza limeingia, analala na viatu.

Nilimwomba prefe aviache vile kumi na viwili. Akasema désherbage haijui ndugu, na kwamba akiacha vya papa yangu, mwalimu wa historia atataka viachwe vya mjomba wake. Hapo alisema kweli, huyo mjomba alitoa vingi. Nikaamua moyoni: vya papa nitavibeba kwangu, nitavificha chini ya kitanda, na Jumapili nitaendelea kusema biko. Haitakuwa uwongo. Chini ya kitanda pia ni mahali.

Vilivyobaki sasa, tuvifanye nini? Mnadhani ni rahisi kutupa kitabu. Jaribuni. Kwanza tuliwagawia wanafunzi wapeleke nyumbani. Tukasahau kwamba kila kitabu kina kashe ya shule, ule muhuri wa duara wa zambarau, na mjini kwetu ukikutwa na kitu chenye kashe isiyo yako, wewe ni mwizi tu. Kesho yake wazazi walijipanga getini, kitabu mkono mmoja, sikio la mtoto mkono mwingine. Baba mmoja alikuwa amekwisha kumchapa wake kabla ya kuuliza. Tukavipokea vyote, tukaomba radhi.

Prefe akasema vichomwe. Tukavilundika uani, zamu akatia moto. Kando ya shule kuna kanisa la maombi, na siku hiyo lilikuwa na watu. Pale kwetu, moto wa namna hiyo una maana yake: mtu akiokoka, analeta vitu vyake vya bulozi, uchawi, vinachomwa hadharani. Walipoona shule inachoma makaratasi wakaelewa kilichoeleweka. Pasta alitoka mbio na chupa ya mafuta ya upako, kina mama nyuma yake wanaimba, wakauzunguka moto wetu. Mmoja akaanza kutoa ushuhuda kwamba alikuwa anashangaa siku nyingi mtoto wake anafeli hesabu, leo amepata jibu. Prefe akaona shule yake itaitwa ya wachawi mjini kote, akauzima moto kwa mikono yake, kwa mchanga, na suti yake. Pasta hakufurahi. Aliona tumerudisha shetani ndani.

Aliyetuokoa ni mama wa vitumbula, anayekaanga getini petu kila asubuhi. Vitumbula vyetu ni madonge ya unga wa ngano, yakitoka kwenye mafuta yanafungwa kwenye kipande cha karatasi, unakula unatembea. Aliniambia atachukua vyote, mume wake atakuja na kigari cha kusukuma. Kufa kufaana. Nilimkubalia papo hapo kabla prefe hajapata wazo lingine.

Siku ya kuvichukua niliitwa kwenye kilio, jirani alifiwa. Vitabu vya papa nilikuwa nimevitia kwenye kartoni, nikaisogeza pembeni, karibu na mlango. Nikamwonyesha zamu kwa kidole, nikamwambia kartoni ile ni ya papa. Akaitikia kwa kichwa tu, maana tangu mambo ya matembele hakuwa akinipa zaidi ya kichwa.

Sasa nyinyi mnajua, na mimi nilipaswa kujua. Hapa kwetu papa ni kila mwanaume aliyepita umri wa kupigwa viboko. Papa ni prefe, papa ni muuza makala, yaani makaa, papa ni pasta. Mume wa mama wa vitumbula alipofika na kigari chake, zamu, kwa uaminifu wote, akamwuliza kama papa ndiye yeye: "Weye njo papa?" Mtu ana watoto saba, angekataa vipi? Akasema ndiye. Zamu akamsaidia kupakia na ile kartoni, akaifunga kwa kamba ili isidondoke njiani.

Jumatatu niliona mahali pa kartoni pako peupe. Nilikimbia getini. Yule mama alikuwa amekwisha kuanza. Majalada ya kijani alikuwa anapepelea makala. Karatasi alikuwa amezitenganisha kwa kisu chake, zile zilizokunjwa zote amezipasua vizuri, zimejaa kwenye gunia. Akanisifia mali yangu: za vitabu vingine zinateleza, hazinywi mafuta, lakini hizi ndizo. Nilifungua mdomo nimtukane, nikakuta hana kosa. Nikarudi kumtukana zamu, naye akanieleza kwa upole sana kwamba aliuliza, na kwamba mtu alijibu. Kisha akaniuliza kama nimekwisha kumaliza kucheka. Ya matembele yalikuwa yamelipwa.

Jumapili ile nilitembea kwenda kwa papa kama anayepelekwa polisi. Akaniuliza: "Biko?" Nikajibu biko, papa, na sauti ikatoka nyembamba. Akanitazama kidogo, akasema sawa, akaanza kuzungumza habari za paa. Jumapili iliyofuata hakuuliza kabisa. Mimi niliyekuwa nalichukia lile swali miaka yote, nikaketi pale nalingoja, halikuja. Nilirudi kwangu nikashindwa kula. Nilijua ameambiwa. Nilijua nimemwua papa yangu angali hai, na wala hakunigombeza.

Halafu jirani yake mmoja, mama asiyeficha kitu, akanishika sokoni. Akaniuliza ninamwacha vipi mzee wa tansio, presha ya damu, aliyekatazwa mafuta na daktari, ale vitumbula asubuhi na jioni. Anavinunua yeye mwenyewe, akasema, anakwenda alfajiri mpaka getini pa shule yako na fimbo yake, na akipewa anakagua karatasi kwanza, nyingine anazikataa. Yule mama wa vitumbula, ukisikia, sasa anamwekea zake pembeni.

Nilifika kwa papa bila kutangulia kuita mlangoni. Barazani watoto wa avenue nzima walikuwa wanatafuna, midomo inang'aa, na wengine, naapa, wamenenepa. Ndani, papa ameketi mezani na miwani yake. Mbele yake karatasi zimetandazwa moja moja, zimepakwa mafuta mpaka unaona meza kwa chini yake. Nyingine amezilaza chini ya pasi ya makala, bila makala, zinyooke. Juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha mama, kulikuwa na fungu dogo lililopangwa sawasawa. Na vidole vyake, vya yule aliyetufukuza miaka yote kwa sababu ya mafuta, vilikuwa vinang'aa mpaka kwenye viganja.

Nilianza kujitetea, maneno yakagongana: wafadhili, prefe, kartoni, zamu. Hata hakusikiliza. Aliniambia niketi, akaniambia amefika kwenye L. Jana alipata lune, mwezi. Akanisimulia mwezi. Kwamba hauna moto wake wenyewe, unaazima wa jua, na upande wake mmoja hautuonyeshi. Nina watoto wanaosoma mambo hayo kwenye simu, nayajua, lakini nilisikiliza kama msichana mdogo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia papa akivuka F.

Alipomaliza nikamwambia nitakwenda kwa yule mama nilichukue gunia lote, nimletee, aache kununua mafuta yatakayomwua.

"Apana," akasema. "Mafuta wanakula batoto. Ukiniletea makaratasi yote, nitayaweka tena pale juu, nisiyasome. Minye najijua."

Alichukua karatasi moja, akaipuliza chembe za kitumbula, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha maana umeme ulikuwa umekwenda. Akasoma kidogo. Kisha, bila kuinua macho, akanena.

"Tu ile ya Z, umwambie asifungie mutu. Zamani uliniulizaka punda milia. Sikusahau."

Nilitoka pale nikijifuta macho kwa kitenge, watoto wa barazani wakinishangaa. Nilikwenda moja kwa moja getini kwa mama wa vitumbula, nikamwambia karatasi zote zenye Z ni za papa. Na safari hii nilimweleza ni papa gani.